Mahindi Waliyopewa Ng'ombe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa aproni yake, Elmina Bonareri alikuwa akisimama kizingitini mwa chumba cha jibini, akifumba macho na kuvuta pumzi. Pua yake ndiyo iliyomweleza mambo ya usiku: kama dirisha la nyuma liliachwa wazi, kama panya alipita, kama jibini za rafu ya tatu zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Baada ya hapo alichovya kitambaa katika ndoo ya maji ya chumvi na kuanza kuzipangusa moja baada ya nyingine, akizigeuza tumbo na mgongo, mpaka ukungu wote uliochipuka usiku uwe umeondoka. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, saba kati ya hiyo akiwa peke yake, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumletea lawama ya tumbo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mawe, kimejengwa ubavuni mwa kilima juu ya Fort Ternan. Ukisimama mlangoni pake, chini kabisa uliona reli na mashamba ya miwa. Ukigeuka nyuma uliona chai, imekatwa sawasawa kama zulia, ikipanda hadi mawinguni kuelekea Kericho. Zamani shamba lilikuwa la mjane mmoja wa Kizungu. Yeye ndiye aliyemfundisha Elmina kazi, kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno: hivi ndivyo maziwa yanavyopashwa moto, hivi ndivyo dawa ya kugandisha inavyopimwa, hivi ndivyo maziwa yaliyoganda yanavyokatwa, kukamuliwa maji na kutiwa chumvi. Mwaka wa sitini na saba mjane huyo aliuza shamba na kurudi kwao. Familia ishirini na sita zilijichanga zikalinunua, zikaligawa, zikaunda chama cha maziwa, kisha zikagundua kwamba katika wote hao mtu aliyejua kazi ya chumba kile alikuwa mmoja tu, mke wa Ratemo, yule Mkisii anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai.

Hivyo ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Wanachama wengi walikuwa Wakipsigis, na jibini kwao ilikuwa jambo la kuchekesha. Maziwa yanayoheshimika hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Hayafungwi kwenye kitambaa na kulazwa rafuni miezi mitatu kama mgonjwa. Lakini hoteli moja ya Kericho iliitaka jibini hiyo, na vilabu vya mameneja wa chai viliitaka, nao wanachama waliridhika. Walimwita Mama Gichana, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na walisema kwamba pua yake ingestahili kulipwa mshahara wake peke yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Elmina alilianzisha mwenyewe bila kumwuliza mtu. Jibini zilizopasuka zikiwa bado changa, na zile pembe zilizobaki baada ya kukata, alizikusanya kwenye kikapu, na kila Alhamisi alizipandisha hadi kwenye banda ambamo wachuma chai waliwaacha watoto wao wadogo. Banda hilo lililindwa na Syprose Adoyo, mwanamke mnene mcheshi kutoka upande wa ziwa, ambaye aliweza kubeba watoto watatu huku akimkaripia wa nne. Watoto walimjua Elmina kwa kikapu. Walikaa wote chini, wakafungua midomo kama vifaranga, na Adoyo akagawa. Elmina hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba katika wiki nzima hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote, maana alihofia kwamba jambo la namna hiyo likisemwa hupungua.

Kisha ukaja mwisho wa mwaka wa sabini na tatu, na mvua ikakataa kuondoka. Mahindi yalikauka nusu shambani, yakavunwa yakiwa na maji, yakarundikwa kwenye ghala za fito. Kufikia Krismasi ukiingiza mkono kati ya magunzi ulihisi joto, na ukiutoa ulikuwa umepakwa vumbi la kijani. Wanawake walianza kuyaosha, kuyaanika kidogo, na kuyachanganya na mazuri ili yasagwe. Hakuna aliyewaza kuyatupa. Mtu anayetupa mahindi atasema nini kwa majirani?

Asubuhi moja, wakati wa kupokea maziwa, Elmina alipanda juu ya ngazi ya mawe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akawaambia, "Mimi ukungu naujua. Ni kazi yangu ya kila siku. Huu wa kijani si wa kuchezea. Msisage. Msiwape watoto uji wake. Kama kutupa kunawauma, wapeni ng'ombe. Ng'ombe ana matumbo manne, na kitu kikishapita yote manne hakina nguvu tena."

Walicheka kwa habari ya matumbo manne, lakini walimtii. Mahindi mabovu yakaenda kwenye vihori, hasa kwa ng'ombe waliokamuliwa, na kweli maziwa yakaongezeka. Hakuna mtoto aliyeugua. Kanisani Jumapili moja mzee wa kanisa alishukuru kwa ajili ya wanawake wenye busara, na ingawa hakutaja jina, watu watatu waligeuka wakamtazama Elmina. Alitazama chini. Alifurahi, na furaha hiyo ilimtia wasiwasi kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Katikati ya Februari, Chepkorir alikuja chumbani akiwa ameshika bata aliyekufa, miguu juu. Chepkorir alikuwa mjane aliyehamia kutoka Siongiroi na ndama wake wawili, na hakuna mkutano wa chama uliopita bila yeye kumchokoza mtu. Nyuma yake alikuja kijana mrefu mwenye kofia ya pikipiki mkononi. Huyo alikuwa Joab, afisa mpya wa mifugo, aliyekuwa na miezi minne tu tangu atoke chuoni.

"Usiniingizie maiti humu," Elmina alisema.

"Si maiti, ni bata," Chepkorir alijibu. "Ni wa tisa. Tumebaki mimi na jogoo, na jogoo mwenyewe ananiangalia vibaya. Nikamwita huyu mtoto wa serikali. Hajaangalia bata hata dakika moja, ameenda moja kwa moja kwa ghala kama mwizi."

Joab alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Mama, bata walikuwa wakila mahindi yanayodondoka chini ya ghala. Nimeuliza mahindi hayo mengine yanaliwa na nani. Nimeambiwa hayaliwi na watu, wewe ulikataza."

"Nilikataza."

"Ulifanya vyema sana." Aligeuza kofia mikononi. "Nimeambiwa pia ulisema wapewe ng'ombe."

"Wana matumbo manne," alisema Chepkorir, akimsaidia.

Joab aliomba kuketi. Alieleza polepole, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mama wa rika la mama yake. Ukungu ule wa kijani, alisema, ukiota kwenye nafaka huacha sumu, na sumu hiyo ina jina lake, aflatoksini. Ukiuosha ukungu, sumu inabaki. Ukichemsha, inabaki. Bata ni wepesi kuuawa nayo. Ng'ombe ni mgumu, huweza kuila miezi asionyeshe kitu. Lakini haimwishii tumboni. Sehemu yake ndogo hubadilika ikaingia kwenye maziwa. Na maziwa yakigandishwa yakawa jibini, sumu hufuata ile sehemu inayoganda. Sumu iliyotawanyika katika maziwa mengi hukusanyika kwenye kipande kidogo cha jibini.

"Inaua?" Elmina aliuliza.

"Kwa kiasi hicho haiui leo wala kesho. Inakula ini polepole, kwa miaka. Watoto ndio wa kuogopewa zaidi."

Elmina alitazama rafu. Jibini thelathini na nane, mviringo kama vigoda, safi, za manjano, hazina doa. Alikuwa amezipangusa asubuhi hiyo hiyo. Alisogea karibu na iliyokuwa mbele yake akainusa, akajua anafanya jambo la kipumbavu huku akilifanya.

"Haina harufu," Joab alisema taratibu.

"Naona."

Joab alichukua kipande cha jibini na chupa sita za maziwa za wanachama mbalimbali, akaandika majina, akasema zitapimwa maabara Nairobi na majibu yatachukua wiki tatu, labda zaidi. Hakuwa na amri ya kufunga chumba. Angeweza tu kuomba. Chepkorir alipotoka alimbeba bata wake vizuri zaidi kuliko alivyokuja naye, kama kwamba ndege huyo alikuwa amepandishwa cheo.

Arap Tonui, mwenyekiti wa chama, alikuja mchana baada ya kusikia. Alikuwa mtu mzima wa sauti ya chini, ambaye Elmina alimheshimu kwa sababu hakuwahi kumfokea mtu mbele ya wengine.

"Mama Gichana, hoteli inataka jibini ishirini za Pasaka," alisema. "Karatasi ya Nairobi haijafika. Unataka kujihukumu kabla hakimu hajaketi?"

"Na karatasi ikisema ni sumu?"

"Basi tutafunga siku hiyo. Nikiwaambia watu leo, nusu watapeleka maziwa kwingine, na karatasi ikija kusema ni safi, hawarudi. Chama kimekufa kwa sababu ya bata wa Chepkorir." Aliinuka. "Sikwambii useme uongo. Nakwambia tungoje."

Elmina hakuwa mtu wa kujiamini haraka. Hilo watu hawakulijua, kwa sababu mikono yake iliijua kazi kuliko alivyoijua yeye mwenyewe. Siku ile alipata sababu nyingi za kungoja. Kijana ni mgeni, vitabu vyake ni vya nchi baridi, bata hufa kwa mambo mia moja. Na arap Tonui hakuwa mwovu. Alikuwa akilinda kitu ambacho kila mtu pale alikuwa amekitolea jasho. Yeye ni nani, mke wa mfanyakazi wa kiwandani mwenye ng'ombe wawili, avunje chama kwa neno la kijana wa pikipiki?

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Alijaza kikapu.

Baadaye hakuweza kueleza kwa nini alikijaza. Mikono ilikijaza. Alipanda njia ya kati ya chai, wachuma wakimsalimu kutoka kwenye mistari, mpaka banda likaonekana. Watoto walimwona mbali. Walikaa chini bila kuambiwa. Kulikuwa na kasichana kamoja kalikokuwa kakianza kutembea wiki hiyo; kaliona wenzake wamekaa, nako kakaketi kwa kishindo, kakafungua mdomo.

Elmina alisimama langoni, mkono juu ya kitambaa cha kikapu.

"Ingia basi," Adoyo alisema. "Ama leo tunakula kwa macho?"

"Leo hakuna."

"Hakuna? Na hicho ulichobeba ni kichwa cha nani?"

"Adoyo, dada yangu, usiniulize leo. Nitakuja kukwambia mwenyewe. Lakini wasile, hata wakilia."

Adoyo akawageukia watoto akawaambia kwamba Mama Gichana amekuja kusalimu tu, na mtu akisalimiwa hujibu. Wakajibu wote pamoja. Elmina alishuka na kikapu chake kizito, na njiani alielewa jambo ambalo hakuwa amelielewa chumbani: kwamba alikuwa ameshaamua. Kama hakuweza kumpa mtoto yule, hakuweza kumpa mtu yeyote. Huko hotelini pia kulikuwa na midomo, ila yeye alikuwa haioni.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabonde ya miwa, Ratemo alirudi kutoka kiwandani akinuka majani makavu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hatua nyingi. Alitembea maili tano kwenda na tano kurudi. Elmina alimweleza yote akimtengea ugali.

"Baba Gichana, mimi ndiye niliyewaambia."

"Uliwaambia wasiwape watoto."

"Niliwaambia wawape ng'ombe. Nikasimama juu ya ngazi. Sumu ilikuwa inapita kwa mlango mmoja, mimi nikaufunga, nikaifungulia mwingine, na huo mwingine ni wangu."

Ratemo alitafuna. "Nani angejua?"

"Hakuna. Lakini sasa najua."

Aliitikia hilo kwa kichwa. Baadaye kidogo alisema, kana kwamba anazungumza na sahani, "Kitu kimoja kinanishangaza. Watu wa hapa wote, hata watoto, wakishika jani la chai wanakwambia kama limelowa. Likilowa haliingii kiwandani mpaka litandazwe kwenye waya, lipate hewa chini na juu. Lakini mahindi yetu wenyewe tunayarundika kama kuni. Ni kama hatujawahi kuona kitu kikikaushwa."

Elmina aliweka mwiko chini. "Kwa mahindi, mtu atajuaje kama yamekauka? Kwa jino?"

"Kwa jino. Kila mtu na jino lake."

Lakini Elmina alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa anafikiria chumvi. Msimu wa mvua, chumvi ya chumba cha jibini hushika unyevu na kuganda ukutani mwa mtungi, na kila mara alilazimika kuikausha kwenye karai juu ya moto mpaka iteleze kama mchanga. Chumvi huuona unyevu ambao mkono hauuoni. Alikuwa akiilaumu kwa hilo miaka kumi na mmoja.

Mkutano wa wanachama ulikuwa Jumamosi, uwanjani mbele ya chumba. Arap Tonui alianza na habari za dawa ya kupe. Alipomaliza, Elmina aliomba nafasi. Mwenyekiti alimtazama, akaona uso wake, akajua. Angeweza kumnyima. Alikaa chini.

Safari hii hakupanda ngazi. Alisimama walipo wengine. Aliwaeleza alivyoelezwa na Joab, aliyekuwa amesimama pembeni karibu na pikipiki yake, kisha akasema, "Karatasi haijaja. Inaweza kusema nimekosea. Lakini kuanzia leo sitengenezi jibini wala sitoi hata moja, na ninaomba mahindi mabovu yasiende tena kwa ng'ombe. Ni mimi niliyesema yaende. Mlinisikiliza kwa sababu mlidhani najua. Nilijua nusu."

Minong'ono ilipita. Mzee mmoja wa nyuma alisema, "Kwa hiyo tumekunywa sumu kutoka Krismasi, na tuko hai."

"Wewe ulikuwa umekufa hata kabla ya Krismasi," Chepkorir alimwambia, "ila hatukutaka kukwambia."

Watu walicheka, na kicheko kililegeza kitu. Lakini mwingine aliinuka akiwa na hasira ya kweli. "Mahindi tusile, ng'ombe wasile. Mwaka ujao mvua ikikataa tena kuondoka, tutafanya nini? Tutakula karatasi ya Nairobi?"

"Hilo nalo nimekuja nalo," Elmina alisema.

Alikuwa na chupa mbili tupu za soda, zimekaushwa vizuri, na bakuli la chumvi aliyoikausha asubuhi. Katika chupa ya kwanza alitia mahindi ambayo Ratemo alikuwa ameyatandaza juu ya dari ya jiko kwa miezi miwili kwa ajili ya mbegu. Akaongeza chumvi kidogo, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa, akaiacha itulie, kisha akaiinua juu kwenye mwanga. Chumvi yote ilikuwa imelala chini, na kioo kilikuwa safi.

Katika chupa ya pili alitia mahindi ya ghala. Akatikisa. Chumvi ilishika kioo kotekote kama umande.

"Hayo ya pili ni ya nani?" mtu aliuliza.

"Ni yangu. Nilidhani yamekauka. Niliyauma kwa jino."

Kisha Chepkorir akafungua fundo la leso yake, akatoa punje chache, akazisogeza mbele. "Pima haya. Na ukinidanganya, nitakuletea jogoo." Chumvi ikashika. Yule mwenye hasira akatuma binti yake nyumbani akalete konzi ya mahindi. Ikashika. Kwa saa nzima chupa ilipita mikononi, watu wakitikisa na kuinua juu, wakibishana kuhusu chumvi ya nani ni kavu, wakimwita huyu na yule aje ajionee aibu yake. Joab aliwaeleza kwamba chupa haiwezi kuona sumu; inachoona ni maji tu. Yaliyokwisha kuota ukungu hayana dawa, yachomwe. Lakini nafaka ikiwekwa kavu tangu mwanzo, ukungu ule hauna pa kuanzia. Ratemo, ambaye hakuwa amewahi kusema neno katika mkutano, alisema kwamba kiwandani kuna waya kuukuu wa kutandazia majani, umetupwa nyuma, na kwamba anaweza kuuomba.

Familia tano zilipeleka maziwa yao kwingine wiki hiyo, kama arap Tonui alivyotabiri. Familia ishirini na moja zilibaki. Hoteli iliandikiwa kwamba Pasaka hiyo hakutakuwa na jibini, na barua ilisema kwa nini. Elmina alisisitiza hilo liandikwe. Jumatatu baada ya mkutano alipanda bandani akamweleza Adoyo yote, bila kupunguza. Adoyo alisikiliza akiwa amekapakata kale kasichana. Hakumfariji upesi, na Elmina alimshukuru kwa hilo moyoni. Mwishowe alisema, "Walikula tangu Krismasi mpaka Februari. Utarudisha?"

"Siwezi."

"Basi njoo Alhamisi hata bila kitu. Wasije wakafikiri walikukosea."

Alikwenda. Alipeleka ndizi.

Karatasi ilifika mwanzoni mwa Aprili. Joab aliisoma akiwa amesimama, kisha akawafasiria. Maziwa ya wanachama wanne kati ya sita yalikuwa na sumu, na jibini ilikuwa na kiasi kinachozidi maradufu kile cha maziwa. Si kiasi cha kuua mtu, alirudia, lakini si cha kumpa mtu. Elmina alikuwa amewaza kwamba siku hiyo ingemletea nafuu ya kujua kwamba alisema kweli. Haikumletea. Alihisi tu uzito wa jambo lililokuwa hivyo tangu mwanzo, liwe limeandikwa au halijaandikwa. Alimwuliza Joab juu ya watoto wa bandani. Kijana hakumdanganya. Alisema walikula kidogo, mara moja kwa wiki, kwa muda mfupi. Alidhani mwili ungeishinda sumu hiyo. Lakini hakuna aliyeweza kuapa.

Walichimba shimo nyuma ya ukuta. Elmina alizishusha jibini mwenyewe, thelathini na nane, akizishika kwa mikono miwili kama alivyozishika kila asubuhi. Arap Tonui alivua koti, akachukua jembe kutoka kwa mtu aliyeajiriwa, akaingia shimoni. Walipokuwa wakimwaga chokaa na majivu juu ya jibini ili mbwa wasifukue, alifuta jasho.

"Nimezika wajomba wawili na shangazi mmoja," alisema. "Chakula sijawahi kuzika."

"Samahani, Mzee."

"Usiniombe samahani. Mimi ningezipeleka Pasaka." Aliegemea jembe. "Ningezipeleka, Mama Gichana, na ningelala vizuri mpaka karatasi ije. Hilo ndilo linalonisumbua."

Joab alichukua maziwa mengine mwezi huo, kutoka kwa wale walioacha kulisha mahindi mabovu. Alikuwa ameeleza kwamba ng'ombe akiacha kula sumu husafika upesi, kwa siku chache tu, na Elmina hakuthubutu kuamini jambo jepesi namna hiyo. Majibu yalikuja safi. Hapo aliwasha moto chini ya sufuria kubwa, akatia dawa ya kugandisha, akasubiri na kisu mkononi, na maziwa yaliposhikana aliyakata polepole, akihesabu mistari kama mwanafunzi.

Mavuno ya mwaka huo yalikuwa na mvua zake pia, ingawa si nyingi. Waya wa kiwandani ulikuwa umetandazwa juu ya nguzo kwenye nyua kumi na tisa, na mahindi yalilala juu yake kwa safu nyembamba, kama majani ya chai, yakigeuzwa asubuhi na jioni na watu ambao maisha yao yote walikuwa wamegeuza kitu cha wengine. Chupa ya soda ilining'inia kwa kamba kwenye mlango wa karibu kila ghala. Chepkorir alinunua bata wengine. Alisema ni wakaguzi wake, na kwamba hawahitaji pikipiki. Familia tatu kati ya zile tano zilirudi bila maelezo, nazo hazikuulizwa.

Chumba cha jibini kilipata desturi mpya. Mwanachama akileta maziwa, Elmina alimwuliza ng'ombe amekula nini, na mara moja kila wiki alitembelea ghala mbili au tatu akiwa na chumvi yake kavu ndani ya kopo. Hakupendwa kwa hilo siku zote. Bado alisimama kizingitini kila asubuhi na kunusa, kwa sababu panya hawakuwa wameacha kupita, lakini pua hiyo hakuitegemea tena kwa kila kitu, na alishangaa kuona kwamba kutoitegemea kulimpunguzia mzigo badala ya kumwongezea.

Jibini ya kwanza ya maziwa mapya ilikuwa imekaa miezi mitatu na kupimwa kabla hajakubali kuikata. Aliikata Alhamisi. Alijaza kikapu, akaangalia mara ya pili karatasi ya Joab iliyokunjwa mfukoni, ingawa alijua ilivyosema, akapanda njia ya kati ya chai.

Watoto walimwona mbali. Wengine walikuwa wapya, hawakumjua, wakasimama. Yule msichana mdogo aliyekuwa ameanza kutembea sasa alikuwa anakimbia. Alikuja mpaka langoni, akaangalia kikapu, akaangalia uso wa Elmina, na kisha, bila kuambiwa, akaketi kwa kishindo.

"Umeonja?" Adoyo aliuliza.

"Nimeonja. Na imepimwa."

"Na ng'ombe alikula nini?"

Elmina alicheka, kwa kuwa hilo lilikuwa swali lake mwenyewe, na sasa lilikuwa limemtangulia kufika huku juu. Alimjibu vizuri, jibu kamili: majani ya Napier, na mahindi makavu yaliyopimwa kwa chumvi, na chupa ilikuwa safi. Adoyo aliupima ukamilifu wa jibu hilo. Kisha akaondoa kitambaa kwenye kikapu na kuanza kugawa.